Kanyagio Linalogoma Adhuhuri

Jumatatu, 4 Machi 1991. Koyama.

Mama amechoka kunikatalia. Leo baada ya chakula cha mchana ameniletea mwenyewe redio ya marehemu baba, imefungwa kwenye leso, akaiweka mbele yangu, kisha akaenda zake jikoni. Redio yenyewe ilikufa kabla ya vita, chumvi imeila tumbo zima. Lakini ilikuwa ya mumewe, na nimeona haya. Hata hivyo nimeifungua.

Ndani nimekuta transista mbili za kizamani, zile za kikofia cha bati, ambazo mafundi wa Kismayu walikwisha kuzisahau. Nimeruka kwa furaha nikagonga kichwa kwenye boriti.

Nieleze ninachokifanya, maana hata mimi nikijisikia najiona punguani. Natengeneza kanyagio la gitaa. Ni kisanduku cha bati kinachokaa kati ya gitaa na spika. Ukiikanyaga swichi yake, sauti inakwaruza na kuvuta, haifi upesi. Kismayu nilikuwa nikipiga gitaa kwenye harusi pamoja na Mbaraka, mpiga zumari. Mwezi wa Januari vita vilipoingia mjini Mbaraka alikimbia na zumari lake, hoteli tuliyokuwa tukipigia ikaporwa hadi milango, nami nikaokoa gitaa na redio ya kaseti ninayoifanya spika. Gitaa peke yake hudonoa kama kuku. Zumari hulia. Nataka gitaa langu lilie.

Ndugu yangu Mzamil, ambaye ni nahodha na ndiye aliyetuleta hapa kisiwani, amesimama mlangoni akanitazama, akasema kwa lahaja ya nyumbani, ambako watu ni vachu. "Kaka, mafundi vote hulipwa vauondoe mkwaruzo. Wewe wavunja redio za vachu ili uutie."

Mkewe, Hafswa, mwenye mimba kubwa, amecheka mpaka akalazimika kukaa chini. Mzamil akiona mtu amecheka, huongeza. Nimemfukuza.

Jumatano, 6 Machi

Betri nimezianika juani zipate nguvu. Hakuna jipya.

Ijumaa, 8 Machi

Umeme hapa hakuna, kwa hiyo nalehemu kwa msumari wa shaba wa mashua, ninaoutia kwenye makaa mpaka uive. Lehemu naikwangua kwenye redio kuukuu. Tatizo lilikuwa utomvu wa kuifanya lehemu ishike waya. Kismayu tulikuwa tukinunua kikopo. Leo nimejaribu ubani wa mama, na umeshika vizuri ajabu.

Ila moshi wa ubani ulitoka dirishani asubuhi yote. Kabla ya sala ya Ijumaa akaingia jirani yetu, Bi Kaltuma, leso amejifunga ya kilio, nyuma yake wanawake wengine wawili.

"Ni nani? Ni Hafswa?" aliuliza, na machozi tayari yako njiani.

Hafswa akatokea uani na ndoo yake. "Mimi ningalipo, Bi Kaltuma. Ni shemeji yangu achoma waya."

Tumecheka, na Bi Kaltuma amenitukana kwa heshima zote. Walipokwenda, mama hakucheka. Amesema, "Vachu va siku hizi vangojea msiba tu. Ukiwapa harufu, vanakuya." Nimefunga dirisha.

Jumanne, 12 Machi

Limelia! Subhanallah, limelia. Saa mbili asubuhi nimelikanyaga, nikapiga uzi mmoja, sauti ikatoka imechafuka, nene, ndefu, ikakaa hewani kama pumzi za Mbaraka. Mama ametoka jikoni na mwiko mkononi akidhani ni zumari la kweli. Nimeona usoni mwake alivyomkumbuka mtu, sikumuuliza nani.

Ilipofika adhuhuri likaanza kukohoa. Kisha likanyamaza kabisa. Nimelifungua, nimekagua kila waya, hakuna kilichokatika. Kwa hasira nimeweka kitambaa kilicholowa juu ya zile transista, sauti ikarudi. Nikakiondoa, ikafa. Nimerudia mpaka nikaelewa: moja ni nzima, na moja ni mgonjwa wa jua. Ikipata joto inalewa. Na kanyagio linazitaka zote mbili.

Jumatano, 13 Machi

Adhuhuri limegoma tena. Asubuhi safi, jioni safi.

Alhamisi, 14 Machi

Limegoma. Mzamil asema lina akili kuliko mimi, linajua saa ya kulala.

Jumamosi, 16 Machi

Leo ni vunja jungu, tumekula samaki wa kupaka na wali wa nazi mpaka tukashindwa kuinuka. Mama alingoja nishibe ndipo aseme. "Mwanangu, kesho huenda tukafunga. Hilo gitaa liweke, lisisikike mpaka Idi."

Nimemwahidi. Mzamil ameapa kwamba hii ndiyo Ramadhani ya kwanza atakayoifurahia.

Jumapili, 17 Machi

Mwezi ulionekana jana. Tumefunga. Joto kali, wingu hata moja hakuna. Watu wote wanaomba masika yaje.

Ijumaa, 22 Machi

Watu wa Kismayu wanaingia visiwani. Wanasema mji haujulikani ni wa nani, asubuhi una mwenyewe huyu, jioni yule. Watu wa Chula, kisiwa jirani, wamezificha mashua zao kwenye mikoko ya upande wa bara, kwa sababu wenye bunduki wakitua kisiwani kitu cha kwanza wanachokitafuta ni mashua. Mzamil naye ameuficha mtumbwi wake mkubwa kwenye mikoko yetu, akafunika kwa makuti. Mashua yetu yenyewe haikufichika, imelala ufukweni kila mtu anaiona.

Nalehemu bila kupiga uzi. Ni kama kupika bila kuonja.

Alhamisi, 28 Machi

Wamekuja.

Tulikuwa kwenye sala ya alasiri. Bi Kaltuma alipita akikimbia nje ya msikiti akipaza sauti, "Vachu vanakuya na bunduki! Vanakuya!" Imamu hakuikata sala. Tulisali tukisikia buti mchangani. Mpaka tunatoa salamu, walikuwa wamekwisha kusimama mlangoni, vijana wakubwa kwa wadogo, mmoja amevaa miwani ya kike.

Walichukua mchele wa futari, nguo, taa, dhahabu za masikioni mwa wanawake. Bi Kaltuma alikataa kuivua yake, wakaivua wao, sikio likachanika. Mwenyewe hakulia, alisimama akiwatazama mmoja mmoja usoni mpaka yule mwenye miwani akageuza shingo. Mimi niliyekuwa nikimwona kikongwe mwenye umbea tu sikuweza hata kuinua kichwa.

Kisha wakataka nahodha anayeijua miamba. Hakuna aliyesema. Wakamshika imamu ndevu, na hapo Mzamil akasogea mbele. "Ni mimi." Alisema kwa Kisomali, kwa sauti ileile anayonidhihakia.

Wamemchukua na mashua yetu. Hafswa alimfuata mpaka maji yakamfika magotini, ndipo mama akamrudisha. Sasa wamepiga kambi kwenye nyumba ya shule, upande wa pili wa kisiwa. Mzamil wanaye huko, wamemfunga na watamtoa wakitaka kusafirisha walichopora.

Mimi ndiye mkubwa, na sikusema neno.

Jumamosi, 30 Machi

Jua kali. Hatujapewa ruhusa ya kumwona.

Jumapili, 31 Machi

Jua kali. Hafswa hali daku.

Jumanne, 2 Aprili

Leo mkubwa wao amekuja nyumbani mwenyewe. Anaitwa Abdisalam. Ninamjua! Alikuwa akija kwenye harusi za Kismayu, amevaa vizuri, na kila mara alitaka turudie wimbo wa mwisho. Amenikumbatia. Ameleta tende za futari. Ameketi kwenye mkeka wa mama, bunduki ameilaza pajani.

"Walaal, ndugu yangu, nasikia unavunja redio na kuziunga upya," akasema kwa Kisomali. "Ninayo simu ya upepo, imenyamaza. Itengeneze nizungumze na Kismayu."

Nikamuuliza atazungumza nini. Hakukasirika. Akasema mashua za Chula ziko kwenye mikoko, mtu mmoja amepigwa mpaka akasema. Lakini Chula ina watu wengi, naye ana vijana wachache. Simu ikisema, Kismayu italeta boti kubwa yenye injini, na nahodha wao. "Basi ndugu yako sitakuwa na haja naye. Utampeleka kwa mkewe."

"Na isiposema?"

Alikula tende, akatoa kokwa mdomoni, akaiweka kando kwa adabu. "Walaal, kwani wewe si fundi?"

Zile tende mama amewatupia kuku.

Jumatano, 3 Aprili

Nimeifungua ile simu. Ni ya jeshi, kazi nzuri, waya zimelazwa kama nywele zilizosukwa. Kilichokufa ni transista moja tu, inayochukua sauti ya msemaji. Katika kisiwa kizima hakuna mbadala ila zangu mbili zilizo ndani ya kanyagio.

Nimekaa nayo mchana kutwa. Nikiirekebisha sawasawa, Chula itapoteza mashua, na asiye na mashua huko hana pa kukimbilia. Nisipoirekebisha, nitamzika Mzamil.

Kisha nimepata akili, au shetani amenipa. Nitatia ile mgonjwa wa jua. Abdisalam ataijaribu asubuhi kwenye ubaridi, itasema vizuri, atamwachia Mzamil kama alivyoahidi. Kismayu husikiliza adhuhuri tu, Abdisalam mwenyewe alisema jana. Ikifika adhuhuri itanyamaza, na sisi tutakuwa kwenye mtumbwi tumekwisha kuondoka.

Nimemwambia mama peke yake. Akauliza, "Na wingu likifunga?"

"Halijafunga tangu Shaabani, mama."

Nimeitoa kwenye kanyagio na kuilehemu. Dirisha nimelifunga ili ubani usimlete Bi Kaltuma.

Alhamisi, 4 Aprili

Jua kali, alhamdulillahi. Kesho.

Ijumaa, 5 Aprili

Naandika upesi, mtumbwi unangoja maji yajae.

Asubuhi kulikuwa na wingu. Baada ya jua la mwezi mzima, leo wingu! Wanawake wa njiani walikuwa wakishukuru, mimi nikitembea na ile simu kichwani kana kwamba napeleka jeneza. Shuleni Abdisalam akaiwasha, akamweka kijana na simu ya pili, ndogo ya mkononi isiyofika Kismayu, nyuma ya nyumba, wakazungumza. Sauti safi. Vijana wakashangilia, wakanipiga mgongoni.

"Basi nipe ndugu yangu," nikasema.

"Utampata. Kismayu wakinijibu adhuhuri, utampata papo hapo." Akatabasamu. "Mtu mwenye busara hanunui ng'ombe kwa kusikia mlio."

Hapo nikaelewa. Mtego nilioutega ulikuwa umemkamata Mzamil. Simu ikinyamaza adhuhuri, atapigwa risasi mbele yangu. Walikuwa wamemtoa nje tayari, wamemkalisha ukutani, midomo imepasuka, mikono nyuma. Aliniona akakonyeza jicho moja. Mpumbavu yule, alinikonyeza.

Nikalitazama lile wingu nililolilaani njia nzima, nikaliomba likae. Nikaapa nitafunga sita za Shawwal, nitafunga na mwaka wote. Lilikaa mpaka karibu na adhuhuri. Kisha likapasuka na jua likashuka juu ya meza ilipokuwa simu. Nikaihamisha kivulini, nikasingizia mng'aro. Lakini joto la mchana huku halina kivuli. Nilimsikia Abdisalam akijaribu, "Alo, alo," na sauti kwenye simu ya pili ikaanza kukwaruza. Ulikuwa mkwaruzo uleule niliokuwa nikiutafuta tangu Machi.

"Ina nini?" akauliza, na kijana mwenye miwani akainua bunduki kumwelekea Mzamil.

Ningeweza kusema sijui. Watu wa Chula sina undugu nao wa karibu, lakini ni watu wangu, tumezikana na kuoana. Niliyajua yote hayo, na mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kopo la udhu. Nilivua kofia yangu, nikailowesha, nikaikunja juu ya mahali inapokaa ile transista.

"Ina homa, walaal," nikasema. "Ngoja ipoe."

Ikapoa. Kismayu wakajibu. Abdisalam akawatajia Chula, mikoko ya upande wa bara, boti ije kesho asubuhi. Kila neno lilisikika. Nilisimama pale nikiongeza maji.

Alitimiza ahadi. Wakamkata Mzamil kamba. Njiani nilijaribu kumshika mkono, akautoa. Alikuwa amesikia yote.

"Ulijua dawa yake," akasema.

"Nilijua."

"Ungeinyamazisha."

"Wangekuua."

Akatangulia akichechemea, na alipofika nyumbani akamwambia mama afunge vitu, tunaondoka maji yakijaa, tunapitia Chula kuwaambia.

Gitaa na kanyagio naviacha chini ya kitanda. Mtumbwi ni wa kubeba watu, si vyombo. Bi Kaltuma anakuja nasi.

Alhamisi, 11 Aprili. Kiunga, upande wa Kenya.

Tuko hai. Tulifika Chula usiku ukiisha. Nilitaka tupite mbali, kwa ajili ya Hafswa, nikasema hivyo kwa sauti. Mzamil akageuza usukani kuelekea nchi kavu bila kunitazama. Ni yeye aliyeruka majini akaenda kugonga milango, miguu yake imevimba kwa kamba, anachechemea. Mimi nilibaki kuushika mtumbwi. Niliwaza kwamba maisha yetu yote nimekuwa nikimwona ndiye mwepesi wa nyumba hii.

Mashua kadhaa zilitoka na watu. Tulipokuwa mbali tulisikia injini, kisha milio. Bi Kaltuma alisoma Yasin mpaka tukafika.

Jumapili, 14 Aprili

Hafswa amejifungua salama, mtoto wa kiume. Mimi ndiye kaka mkubwa wa baba yake, na kwetu adhana ya sikioni mwa mtoto huadhini mkubwa wa nyumba. Mzamil amemwita mvuvi mmoja wa hapa Kiunga, mtu asiyemjua hata jina. Nilikuwa nimekwisha kutia udhu.

Mama aliona. Usiku aliniletea uji, akakaa karibu nami. "Mimi ningefanya ulivyofanya," akasema. "Lakini mimi ni mama, sina haya."

Jumanne, 16 Aprili

Idi. Mvua kubwa, tumesali chini ya turubai. Mzamil alinipa mkono kama anavyompa kila mtu.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo baada ya sala ya alasiri amekuja mzee wa Chula, anaitwa Athmani. Hapa kila mtu anazijua habari zake. Ile asubuhi mwanawe Mahmudi alirudi kusukuma mashua ya mwisho, iliyokuwa na wanawake. Mashua ilitoka. Mahmudi walimchukua kwenye boti kubwa.

Alikuwa na redio ndogo kwapani. Sikujua nimkaribishe vipi. Mama akamtandikia mkeka, akaleta chai. Chai hakuigusa.

"Nataka habari za Kismayu," akasema. "Labda watawataja waliochukuliwa. Hii imenyamaza tangu tuvuke."

Nikamwambia mafundi wa Lamu ni hodari kuliko mimi.

"Nimeambiwa wewe ndiye uliyeitengeneza ile yao. Basi hii haitakushinda."

Alisema bila ukali wowote. Mzamil alikuwa amekaa na mtoto pembeni, akainua uso, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Koyama, nami nikaona kwamba si yeye aliyemwambia mzee. Alikuwa akinionea huruma. Afadhali angenipiga.

Nimeifungua redio mikono ikitoka jasho. Imekufa transista moja, tena ya kizamani, ya kikofia. Kiunga yote haipatikani. Niliyokuwa nayo nzima iko chini ya kitanda Koyama. Nyingine iko kwa Abdisalam.

"Mzee wangu, naapa kwa Mungu, kifaa chake hakipo. Sina pa kukipata."

Athmani ameitazama redio, kisha akanitazama mimi.

"Kwa nduguyo ulipata."

Hakuondoka. Magharibi inakaribia, bado ameketi mkekani, chai imepoa mbele yake.